Kiinua Mgongo

Hela iliingia Alhamisi, na kufikia Jumamosi
kila mtu alikuwa na mpango nayo isipokuwa mimi.
Mwanangu wa Masasi: bati. Shemeji: pikipiki.
Imamu alikohoa kidogo kuhusu zulia.
Somoe peke yake aliuliza, "Umekula?"

Ndiyo maana tumekaa hapa Shangani, Jumanne usiku,
meza ina kitambaa, uma tatu kila mtu,
hatujui ya kwanza ni ipi,
mimi na viatu vinavyobana, yeye na wanja
aliojipaka ndani ya bajaji, jicho moja limepanda kuliko jingine.
Simu nimeizima. Imelala mkobani kama mtoto aliyeshiba.

Miaka yote menyu tumeisoma kama juzuu,
kutoka kulia: bei kwanza,
halafu unarudi kushoto kutafuta chakula kinacholingana nayo,
na mara nyingi ni chipsi.
Leo Somoe ameufunika upande wa kulia kwa kiganja.
"Soma," akasema. "Kwa sauti."
Nikasoma. Supu ya pweza. Kaa wa nazi. Wali. Kamba wa kukaanga.
"Lete," akamwambia kijana.
"Kipi, mama?"
"Kama ulivyosikia."

Kijana akauliza kwa adabu
kama kuna sherehe, ili jikoni wajue.
Somoe akafikiri.
"Ipo," akasema. "Ni Jumanne."

Sitasema uongo, tulikula vibaya.
Uma tuliziacha zikitazamana.
Kaa unamvunja kwa meno, unamfyonza mguu mpaka unapiga mluzi,
mchuzi unateremka kwenye kifundo, kwenye saa,
unaulamba pale pale kabla haujafika kiwiko.
Pilipili ilimtoa Somoe machozi, wanja ukasawazika.
Nikafungua kishikizo cha sketi. Yeye alishafungua zamani.
"Wanakiita kiinua mgongo," alisema, mdomo umejaa,
"mgongo uliolala miaka thelathini na nne wodini, hauinuki huo.
Tuinue tumbo."

Halafu ikaja aiskrimu,
mabakuli mawili ya kioo, asali imemwagwa bila hesabu,
na juu yake korosho. Nzima.
Nyeupe, zimejikunja kama kijusi
kwenye ile picha ya ukutani kliniki.

Tukanyamaza.
Sisi wasichana wa kiwandani, kabla mashine hazijafa,
kabla yeye hajashika cherehani na mimi sindano.
Mafuta ya ganda yalitubabua vidole,
siku ya harusi yangu hina ilikataa kushika.
Nzima zilikwenda kwenye boksi. Vipande navyo vilipimwa.
Getini mama mmoja alitupekua: mtandio, sidiria, nywele, chini ya ulimi.
Somoe alikatwa mshahara wa siku tatu kwa korosho moja
ambayo, anaapa hadi leo, ilidondokea mfukoni yenyewe.

Tulikula polepole. Nilihesabu: zangu tisa, zake nane.
Nikamwongezea, akanirudishia, karibu tugombane.
Tukaagiza bakuli la tatu, la katikati,
na kaimati pia, kwa sababu meza ya jirani walikuwa nazo
na ile shira ilikuwa inatuita kwa majina.

Bili ilipokuja sikuvaa miwani.

Getini mlinzi alisimama, rungu kwapani.
Nikahisi mkono wa Somoe umeshika wangu, umekaza, una jasho.
"Usiku mwema, mama zangu," akasema, akafungua.
Hakupekua mtu.

Bajaji ilipofika Ligula akaingiza mkono kifuani,
akatoa tishu iliyokunjwa mara nne.
Moja tu.
"Umeiba," nikasema.
"Hii imelipiwa," akasema. "Ile ya kiwandani ndiyo niliyoiba."

Akaikata kwa meno,
akanipa nusu iliyo kubwa.